Kabla hamjanunua spika nyingine, nunueni maiki ya kupimia

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na kamati za makanisa, misikiti na wenye kumbi za harusi, maana sisi mafundi mitambo tukiwaambia ana kwa ana mnahisi tunatafuta hela.

Jamani sauti ikiwa mbaya ukumbini kila mtu anakuwa fundi, mzee wa kamati anasema trebo imezidi, wanakwaya wanataka besi, mnachangishana mnaleta spika mpya au ikwalaiza nyingine (kifaa cha kupandisha na kushusha besi na trebo), inafungwa, na bado mhubiri hasikiki vizuri viti vya nyuma. Hakuna aliyepima kitu!

Najua mtasema aplikesheni za simu za kupima sauti zipo. Zipo ndio, kujua tu kelele imepanda au imeshuka zinasaidia, ila maiki ya simu imewekwa kwa ajili ya mtu kuongea, huko chini kwenye besi simu nyingi zinakata na kila moja inakata kivyake. Halafu wengi hawaangalii imesetiwa A au C, yaani njia mbili za kupima, A inapunguza sana besi na C inaiacha karibu yote. Ikiwa kwenye A, mlio wa besi wa hezi 50 unapunguzwa kama desibeli 30 kabla namba haijatokea kwenye kioo, ndo maana DJ anakuonyesha namba nzuri kabisa wakati sabufa zinatikisa vyombo kwa jirani. Kwa ugomvi wa besi angalieni C.

Sasa kununua maiki ya kupimia. Ukitaka rahisi kuanzia kuna maiki za USB kama UMIK-1 ya miniDSP, unachomeka kwenye laptopu basi, na kila maiki ina faili lake la marekebisho, linaloiambia programu maiki hiyo inakosea wapi, unalolishusha kwa namba iliyoandikwa kwenye maiki yenyewe. Bila hilo faili hujanunua kitu cha maana. Yanakuja mawili, la nyuzi 0 ukiielekeza maiki kwenye spika na la nyuzi 90 ukiisimamisha iangalie dari, na watu wanayachanganya kila siku halafu wanashangaa mbona grafu haieleweki kwenye milio ya juu. Aina ya pili ni kama ECM8000 ya Behringer, bei nafuu, ila inahitaji umeme wa volti 48 na kadi ya sauti (kifaa cha kuunganisha maiki na laptopu), na haiji na faili lake binafsi. Mie kwa fundi anayepiga shoo za laivu namshauri hii njia ya kadi yenye chaneli mbili, maana siku akitaka kutumia Smaart, programu ya kupima sauti, alinganishe kinachotoka kwenye mixa na kinachofika ukumbini wakati muziki unapiga, ya USB itamsumbua.

Programu ya kupimia isiwape presha, REW ya John Mulcahy ni bure na inafanya kazi kubwa tu. Inatoa mlio unaopanda kutoka besi hadi juu, inarekodi, inachora. Anza na spika moja moja, kushoto, kisha kulia, ndo uwashe zote, na usipime pale kwenye mixa peke yake, zunguka na maiki sehemu tofauti walipokaa watu halafu uchukue wastani. Ukiona shimo refu kwenye grafu usikimbilie kulijaza na ikwalaiza, sogeza maiki kidogo kwanza, likihama ujue ni mawimbi ya spika na kuta yanauana hapo, ukiongeza nguvu unachosha amplifaya tu. Milima ndio ya kupunguza, mashimo mengi yaacheni.

Na kuna ukumbi grafu itakuja nzuri na bado maneno hayasikiki, hasa hizi za bati juu na vigae chini. Hapo ni mwangwi, hakuna ikwalaiza inayoufuta. Hela ikienda kwenye mapazia mazito na kuinamisha spika ziwaangalie watu badala ya ukuta wa nyuma mtaona tofauti, na maiki ileile itawaonyesha sauti inachukua muda gani kufa kabla na baada.

Ombi langu kwa kamati, mkishanunua mpeni fundi ukumbi mtupu mchana mzima, feni zizimwe, mafundi seremala watoke, sio mnamwita dakika kumi kabla ya ibada eti arekebishe.

Fundi mitambo, Mwanza