Kamba za majahazi ya mfano zifungwe, zisigandishwe

Mhariri,

Majahazi ya mfano yanayouzwa kwenye maduka ya vinyago hapa Dar es Salaam mengi yamechongwa vizuri. Shida ni kamba. Ukiinama kuzitazama, pale palipotakiwa fundo unakuta tone la supa glu. Gundi hiyo huufanya uzi kuwa mkavu kama kijiti, huacha ukungu mweupe kwenye mbao, na uzi ukiguswa baadaye hukatikia palepale. Mafundi na walimu wa kazi za mikono, tunawaomba mafundo mawili tu.

Yajifunzwe kwanza kwa kamba ya milimita 6 kwenye mpini wa fagio. Kwenye uzi mwembamba huoni upi umepita juu na upi chini, kwa hiyo ukikosea hujui ulikosea wapi.

La kwanza ni la kushika mti. Zungusha kamba mara moja, ivuke juu yake yenyewe, izungushe tena upande wa pili, kisha penyeza ncha chini ya ule mvuko. Ukikaza utaona mizunguko miwili imelala sambamba na kipande kimoja cha mshazari juu yake. Kama mshazari haupo, umezungusha tu, hujafunga. Kwenye mti laini fundo hili hulegea likivutwa huku na huku, hivyo malizia kwa kuizungusha ncha kwenye kamba yenyewe na kuipenyeza mara moja.

La pili ni la kitanzi kisichojikaza. Tengeneza kijitundu kwenye kamba, upande wa ncha ukiwa juu. Ncha ipande kutoka chini kupitia tunduni, izunguke nyuma ya kamba ndefu, irudi chini tunduni. Wengi hukwama mwanzoni kabisa: wakilaza upande wa ncha chini badala ya juu, fundo lote hufumuka mikononi.

Sasa unene. Kosa linaloharibu majahazi mengi ni uzi mmoja kutumika kila mahali. Henza, kamba inayobeba foromali (ule mti mrefu wa juu unaoshika tanga), ni nene; jarari, kamba ya kuvutia inayopita kwenye gofia, yaani kapi, ni nyembamba kuliko henza, na vifungo vya tanga ni vyembamba zaidi. Kwa kipimo cha moja kwa hamsini, kamba ya milimita 30 inakuwa 0.6, ya milimita 10 inakuwa 0.2. Rula haipimi uzi mmoja, kwa hiyo uzungushe kwenye penseli mara 10, mizunguko ikigusana, upime upana wote. Ukipata milimita 4, uzi ni 0.4. Uzi wa cherehani peke yake haufai henza. Pota nyuzi tatu, kila mmoja kwanza uongezewe msokoto wake, ndipo ziunganishwe kwa kusokotwa upande wa kinyume. Zikisokotwa upande uleule, ukiachia tu zinafumuka.

Rangi ya kamba za makumbi ya nazi hupatikana kwa chai ya rangi nzito, lakini uzi uwe wa pamba, poliesta haishiki. Chai itangulie, nta ya nyuki ifuate. Uzi ukishapakwa nta haunywi tena maji, utatoka na mabaka. Nta yenyewe hulaza manyoya ya pamba. Pitisha uzi juu yake mara mbili au tatu. (Siku hizi vyombo vingi vina kamba za plastiki za buluu na kijani. Anayechonga jahazi la leo atumie rangi hizo bila haya.)

Foromali la kweli aghalabu ni miti kadhaa iliyofungwa pamoja kwa kamba, si ufito mmoja. Na tanga hufungwa juu yake kwa vifungo vingi, kila kimoja na fundo lake. Anayepitisha uzi mmoja mrefu kama anayeshona godoro, ukikatika mahali pamoja tanga zima linalegea.

Gundi ina kazi moja tu: gundi nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji, iguswe kwenye fundo lililokwisha kukazwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikauke ndipo ukate mkia.

Msikaze kupita kiasi. Uzi wa pamba ukinywa unyevu huvimba na kufupika, na kamba zilizokazwa kama waya wakati wa kiangazi, masika yakifika huupinda mlingoti.

Wachonga vyombo vya mfano,
Dar es Salaam