Tembe za kila siku zilinizidishia maumivu ya kichwa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo Kawangware. Kwa miezi minane kichwa kilinibana kama leso iliyokazwa kutoka kwenye paji hadi kisogoni, hasa jioni baada ya kuinamia cherehani tangu asubuhi. Kila siku nilimeza tembe mbili za dukani za kutuliza maumivu nikidhani ni kipandauso.

Daktari aliniuliza swali moja tu: “Mama, kwa mwezi unameza siku ngapi?” Nikajibu, zote. Akanieleza kwamba anayetumia dawa hizi za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kipandauso mara nyingi hupwita upande mmoja, na mtu huhisi kichefuchefu na kukimbia mwanga. Maumivu yangu yalianzia kwenye misuli ya shingo na mabega.

Wiki ya kwanza bila tembe ilikuwa ngumu mno. Nilikanda shingo kwa kitambaa cha maji moto, nikainua kiti. Anayepatwa na maumivu makali ya ghafla, au homa na shingo kukakamaa, asikande, akimbilie hospitali.

Nawasihi wauzaji wa dawa mitaani wawaulize wateja swali lile lile kabla ya kupokea pesa.

Fundi wa nguo,
Kawangware, Nairobi