Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,
Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo hapa Unguja, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa, watalii wengi wanaofika Mji Mkongwe huuliza habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, aliyezaliwa hapa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mwaka huu klabu yetu imemsoma mwenzake aliyesimama ubavuni mwake miaka yote, mpiga gitaa wa Queen, Brian May.

May alizaliwa Uingereza 1947. Alipotamani gitaa la umeme, bei ya dukani haikuwa ya kwao. Basi mwaka 1963 yeye na baba yake, Harold, mtu wa elektroniki, wakaanza kulitengeneza nyumbani. Shingo waliichonga kwa mbao ya mahogani iliyobanduliwa kwenye meko ya kale. Ilikuwa imeliwa na bungua, wakaziba matundu kwa njiti za kibiriti. Alama za shingoni ni vifungo vya lulumizi vya mama yake. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, na ncha ya mkono wa kutikisia sauti ni kipande cha sindano ya kufumia. Iliwachukua takriban miaka miwili. Gitaa hilo, Red Special, ndilo lililosikika Queen ilipoanza 1970, ndilo alilopanda nalo juu ya paa la Buckingham, kasri la kifalme la London, 2002, na bado analo. Nyuzi zake huzipiga kwa sarafu ya zamani ya peni sita.

Tulipousikiliza wimbo wake wa 1977, We Will Rock You, tulinyamaza darasa zima. Hauna ngoma. Ni miguu na makofi, ili hadhira nayo iwe mpigaji, na gitaa la mtunzi mwenyewe linangoja hadi mwishoni. Hapo ndipo tulipoelewa maana ya kushirikiana.

Moyo huo alikwenda nao kwingine. Mwaka 1983 alirekodi Los Angeles na Eddie Van Halen, mpiga gitaa ambaye wengine wangemwona mshindani. Freddie alifariki 1991. May na mpiga ngoma Roger Taylor hawakuacha kazi, na Novemba 2003 walikuwa Cape Town katika tamasha la Nelson Mandela la kupambana na UKIMWI. Mwaka 2007 akamalizia shahada ya uzamivu ya elimu ya nyota aliyoiweka kando zaidi ya miaka thelathini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuko wanafunzi ishirini na sita, na magitaa tuliyonayo ni mawili. Hatukuombi ununue mengine. Tunaomba utuombee ruhusa ya kutumia karakana ya useremala kila Jumamosi, pamoja na fundi wa kutuelekeza, mabaki ya mbao, sumaku na waya mwembamba wa shaba, maana kinasa sauti cha gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya huo. Michoro tumeshaianza, na tumeileta uione.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Muziki