Salamu za Idd na Pasaka kwa wazazi, walezi na majirani wa shule yetu

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Kwa wazee wetu wote, shikamooni.

Idd Mubarak kwa kila nyumba iliyomaliza mfungo. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zenu na dua zenu. Kwa mnaoendelea na Kwaresima, tunawaombea nguvu kwa siku zilizobaki, na tunawatakia mapema Pasaka yenye heri, Jumapili ya Aprili 5.

Mwaka huu tumejaliwa jambo lisilotokea kila mara. Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyohiyo. Kwa hiyo tangu wakati ule, dawati moja lilikaliwa na mmoja aliyekula daku na mwenzake aliyepakwa majivu. Sisi walimu tulikuwa tukiwatazama. Saa ya mapumziko, wanafunzi wasiofunga walikuwa wakichukua mihogo na kachori zao na kwenda kulia nyuma ya maabara, mbali na wenzao. Hakuna mwalimu aliyewaamuru. Mmoja wa viranja alipoulizwa, alijibu tu kwamba si vizuri kumlia mtu mbele ya macho yake. Wazazi, hayo mliwafundisha ninyi, na tunawashukuru.

Futari ya pamoja tuliifanya Ijumaa, uwanjani, chini ya miembe. Kamati ilikaa mapema kupanga chakula, na swali la kwanza likatoka kwa mama mmoja Muislamu: Wakatoliki hawali nyama Ijumaa ya Kwaresima, sasa tuwapikie nini? Ndiyo maana siku ile hamkuona nyama. Palikuwa na mihogo ya nazi, magimbi, tambi, maharage, uji wa pilipili manga, na samaki walionunuliwa soko la Feri alfajiri. Vijana wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, ndio walioteka maji na kutandika mikeka. Adhana ya Magharibi ilipolia msikitini, tende zikapita, maji yakapita, watu wakasali, kisha kila mtu akala na aliyeketi jirani yake. Madereva wa bodaboda wanaoegesha getini nao waliitwa ndani, na ilikuwa haki yao, kwa sababu ndio wanaowasimamisha watoto wasivuke barabara ovyo kila asubuhi. Kina mama mliopika, kina baba mliobeba masufuria, asanteni sana.

Sasa naomba mnisikilize kwa jambo lililonikaa moyoni mfungo mzima, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Katikati ya Ramadhani, walimu wa malezi walianza kugundua kwamba baadhi ya wanafunzi waliokuwa wakisema "nimefunga" hawakuwa wamefunga. Wengine si Waislamu, wala hawakuwa na nia ya kufunga kwa namna yoyote. Hawakuwa na kitu cha kula. Walipozungumza nao kwa upole, mmoja mmoja, walieleza kwamba mwezi huu ulikuwa na nafuu kwao, kwa kuwa hakuna aliyewauliza kwa nini hawaendi kantini. Miezi mingine hujificha chooni, au hujifanya wamelala kichwa juu ya dawati mpaka kengele ilie. Ramadhani iliwapa heshima ya kushinda na njaa bila kuulizwa.

Nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu na habari hii ilinizidi nguvu. Sitawataja watoto hao, wala madarasa yao, na nawaomba msiwatafute. Wengine wanatoka nyumba zinazohangaika kweli. Wengine wazazi wao huwaachia nauli na hela ya kula, lakini nauli ikishatoka na daftari likinunuliwa, hakibaki kitu.

Tuihesabu siku ya mwanafunzi anayetoka Chamazi au Mbande. Anaamka saa 10 alfajiri. Saa 11 yuko kituoni, gizani, anaomba daladala la kwanza lisimwache, maana makondakta wengi hawapendi kubeba wanafunzi wakati wa foleni ya watu wazima. Akifika, paredi ni saa 1:15. Vipindi vinaanza. Hisabati, Fizikia, Kiingereza. Saa 4 ni mapumziko. Mwenye hela anakula, asiye nayo anakunywa maji ya bombani. Vipindi vinaendelea mpaka alasiri. Akichelewa gari la kurudi, na kipindi hiki cha mvua Barabara ya Kilwa mnaijua, anaingia nyumbani saa 12 jioni. Mtoto huyo amekaa saa zaidi ya 12 bila chakula, na hakufunga. Mwenzake aliyefunga alikula daku, aliweka nia, anajua magharibi kuna futari na nyumba nzima inamngoja. Huyu hana nia wala daku, na jioni hana uhakika wa kinachomsubiri. Kisha tunashangaa kwa nini anasinzia kipindi cha saa 6.

Ndugu wazazi, ninyi mliofunga mnaijua njaa hiyo kuliko mtu yeyote anayeweza kuieleza. Mnajua saa 9 alasiri maneno yanavyokuwa mazito kichwani. Watoto wetu wanafundishwa mlinganyo wa kikemia katika saa hizo.

Ndiyo maana tunataka kuanza kupika chakula cha mchana hapa shuleni, kwa mchango wa wazazi. Najua swali linalokuja: je, elimu si bila malipo? Ndiyo, na hatuirudishi ada kwa mlango wa nyuma. Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa, na baadaye ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliacha mikononi mwa mzazi sare, vifaa vya kuandikia, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Waraka huohuo unakataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Sisi tutaufuata wote: hakuna atakayefukuzwa, na hakuna atakayepangwa mstari wa peke yake jikoni kwa sababu mzazi wake hajachanga. Sahani zitakuwa za aina moja, foleni moja.

Wazo letu ni makande siku tatu za wiki na ugali kwa maharage siku mbili, na uji saa 4 kwa kuanzia tu, ikiwa uwezo utaruhusu. Kiasi cha kuchanga hakitapangwa ofisini kwangu. Kitapangwa na ninyi, kwenye kikao, mkiwa mmeketi na bodi ya shule, na mtakaowachagua ndio watakaoshika funguo ya stoo na daftari la mapokezi. Anayeweza kuleta mahindi badala ya fedha alete mahindi. Kina baba wanaofanya kazi soko la Tandika au Kariakoo tayari wamesema wanaweza kututafutia maharage kwa bei ya jumla, na ahadi hiyo tumeiandika. Kuhusu jiko, Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, kwa hiyo tunatafuta jiko la gesi na masufuria makubwa. Yeyote mwenye fundi anayeaminika atuletee.

Dini zetu mbili zimeshaliweka jambo hili mahali pake. Zaka ya fitri, takriban kilo 2.5 za chakula kwa kila mtu wa nyumba, hutolewa kabla ya sala ya Idd ili maskini asiamke siku ile bila kitu jikoni. Kwaresima nayo Wakristo huambiwa kwamba kufunga, kusali na kutoa sadaka huenda pamoja, na kile mtu alichojinyima kiende kwa asiye nacho. Nawasihi tu kwamba, mkihesabu mwaka huu mahali ambapo sadaka yenu inahitajika, muukumbuke na uzio wa shule hii, kwa sababu ndani yake wapo watoto wenu na wa jirani zenu.

Kuna habari nyingine za shule, nazo nitazipitia haraka.

Kidato cha sita wanaingia kwenye mtihani wa taifa mwezi Mei. Wamefanya mazoezi mengi na walimu wao hawajalala. Nyumbani wanachohitaji sasa ni usingizi na utulivu. Tafadhali punguzeni kuwatuma sokoni na kuwaachia wadogo zao usiku. Mahafali yao tutayafanya kwa kiasi: misa na dua, hotuba fupi, vyeti, picha. Mataji ya maua na keki si lazima, na familia ambayo haitaleta isijisikie vibaya. Baada ya mtihani wengi wao huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo anzeni kuzungumza nao mapema, hasa wale ambao hawajawahi kulala nje ya Dar es Salaam.

Wazazi wa waliomaliza kidato cha nne mwaka jana: matokeo mnayo. Kila mwaka TAMISEMI hutoa muda wa wahitimu kubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, au vyuo walivyochagua kabla ya kupangiwa shule. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, na wengi bado wanazijua PCM, PCB, EGM na HGL tu. Msimwachie kijana wa steshenari amjazie mtoto wenu. Njooni naye shuleni, mwalimu wa taaluma atakaa nanyi, muangalie alama zake na kile anachokipenda kweli. Nimeona watoto wakipelekwa PCB kwa sababu shangazi anataka daktari, na miaka miwili ikawa ya machozi.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inakuja. Mchujo wa shule utaanza tukirudi mapumzikoni, kisha kata, wilaya na mkoa. Netiboli tuna timu ya kweli mwaka huu. Mwenye viatu vya mpira vilivyombana mwanawe, asivitupe.

Masika imeanza. Kwa wanaovuka Mto Kizinga au mitaro mikubwa: maji yakiwa juu, mtoto abaki nyumbani. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi, mpigieni mwalimu wa darasa, na mtoto hataandikwa mtoro. Hakuna kipindi chenye thamani ya kumvusha mtoto kwenye maji yanayokwenda kasi. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Na sikukuu zenyewe zimejipanga vizuri. Ijumaa Kuu ni Aprili 3, Jumatatu ya Pasaka ni Aprili 6, na Jumanne yake, Aprili 7, ni Siku ya Karume. Siku tano mfululizo familia inaweza kuwa pamoja. Wanafunzi wa mtaala mpya wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna bibi wala babu anayeweza kusema hawezi kusaidia. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa Aprili 7, 1972. Wapo wazee katika mitaa yetu wanaokumbuka walipokuwa siku habari hiyo ilipowafikia. Mtoto awakalie karibu, awaulize, aandike. Karibu wiki tatu baada ya Siku ya Karume, Aprili 26, tutakumbuka Muungano wa mwaka 1964, na tungependa masimulizi hayo yasomwe paredi na watoto wenyewe.

Watoto wasishinde ufukweni Coco au Kigamboni bila mtu mzima. Sikukuu za Dar zina furaha nyingi, na bahari ya kipindi hiki haitabiriki. Wanaokwenda mikoani, safari njema, na mrudi na watoto siku ya kufungua, si wiki ya pili.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa 3:00 asubuhi, ukumbi ni uwanja wetu uleule wa futari. Ajenda ya kwanza ni chakula cha mchana. Tunaomba baba na mama waje wote inapowezekana, au mlezi anayekaa na mtoto kila siku, hata kama ni dada yake mkubwa. Atakayekuwa kazini amtume mtu na maoni yake kwenye karatasi, yatasomwa. Kina mama mliopika Ijumaa ile, tunawaomba mfike saa 2:00, nusu saa tu, mtuoneshe jiko liwekwe wapi na sufuria za ukubwa gani zinunuliwe, maana mnalijua kuliko sisi.

Idd Mubarak. Kwaresima njema, na Pasaka njema.

Mkuu wa Shule, kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wote
Temeke, Dar es Salaam