Mhariri, Mlima Agung sio habari ya ndege tu

Mhariri salamu, mimi nasoma sana kurasa zenu za kimataifa na leo nina dukuduku kuhusu Bali, kile kisiwa cha Indonesia. Kila Mlima Agung, volkano ya huko, ukitoa moshi mnatuambia ndege zimesitishwa, watalii wamekwama eapoti, moshi ukiisha na nyie mmehama. Novemba 2017 ilikuwa hivyohivyo, wakati vijijini huko zaidi ya watu laki moja walikuwa wameshahamishwa tangu Septemba na hao ndio wenye mlima wao!

Agung uko wilaya ya Karangasem, mashariki ya kisiwa, una kama mita 3,000 na hakuna mlima mrefu kuushinda Bali nzima. Kwa Wahindu wa pale ni makao ya miungu, na msidhani ni stori za kuwauzia wageni, maana mtu akijenga nyumba anaanza kwanza kuangalia mlima uko wapi, vihekalu vya familia vinakaa upande wa mlimani, jiko na banda la nguruwe vinasogezwa upande wa baharini, na hata kitandani huwezi kulala umeupa mlima miguu.

Sasa njooni 1963. Hekalu kubwa kuliko yote Bali, Besakih, liko kwenye mteremko wa mlima wenyewe, na mwaka huo ndio walikuwa wanafanya Eka Dasa Rudra, ibada ya utakaso ambayo kwa kawaida huja mara moja kwa miaka 100. Februari mlima ukaanza kuunguruma, watu wakaendelea na ibada, wapo waliosema tangu mwanzo kwamba tarehe imekosewa, halafu Machi 17 ukalipuka kwelikweli na zaidi ya watu elfu moja wakafa. Besakih yenyewe moto ulipita jirani kabisa ukaiacha. Kwa hiyo mtu wa pale akiulizwa kama miungu ilikasirika au ilihurumia, majibu yote mawili anayo. Ibada ikarudiwa 1979, Rais Suharto wa Indonesia akahudhuria, na mji mkuu wa wilaya uliokuwa ukiitwa Karangasem ulishabadilishwa jina ukawa Amlapura, wasije wakapatwa tena.

Na mlima ulihamisha vitu jamani. Pale Tulamben, kijiji cha pwani chini ya mlima, kulikuwa na meli ya Kimarekani, Liberty, iliyopigwa na Wajapani 1942 ikavutwa mpaka ufukweni, ikakaa hapo miaka 20 na ushee. 1963 mitikisiko ikaisukuma ikateleza majini, leo wazamiaji wanatoka dunia nzima kwenda kuiona, watu wengi wa pale wanaishi kwa hiyo meli. Ukanda wenyewe mkavu, mawe meusi matupu, ila zunguka upande wa kusini ukute mpunga na mashamba ya salak ya kijiji cha Sibetan, tunda lenye ganda la magamba kama nyoka, linastawi kwenye udongo wa majivu ya mlima.

Lakini kinachonichekesha zaidi ni mchanga. Ule mchanga mweusi uliomwagwa na mlima unachimbwa kila siku, malori yanashuka nao kwenda kusini kwenye ujenzi, kwa hiyo mtalii anayelalamika ndege imesitishwa kwa sababu ya Agung kuna uwezekano mkubwa hoteli aliyolala imejengwa kwa Agung huohuo. Wenyeji nao hawako kitu kimoja, kuna wanaosema machimbo yanakula mlima mtakatifu na malori yanamaliza barabara, na kuna wenye watoto wa kusomesha ambao hawana kazi nyingine, mimi siwezi kuwalaumu hawa wala wale.

Hiyo ndio habari ninayoitaka mhariri. Siku ukifuka tena, ya ndege muwaachie mashirika ya ndege, nyie mtuulizie Sibetan majivu yakifunika salak wanafanyaje, na huko machimboni nani anapata nini.

Msomaji wenu wa siku zote