Maji Yaliyofurika Kikombeni

Kandy, Sri Lanka

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia salama, nami nimefurahi kusikia kwamba mzee ameanza kutoka barazani tena. Umeniuliza, kwa ubishi wako ule ule niujuao tangu chuoni kwa maalimu, iwapo hawa ninaoishi nao wana dini au wana falsafa tu, kwa kuwa dini isiyo na Mungu Muumba, kwa maneno yako, ni kama msikiti usio na kibla. Hadi juma lililopita ningekujibu kwa mstari mmoja kwamba Ubuddha ni falsafa, kisha nikaendelea na habari nyingine.

Juma hilo nilialikwa kwa mwenzangu wa kazini, ambaye baba yake alifariki miezi mitatu iliyopita. Watawa walifika asubuhi, wakaketi kwenye mikeka iliyotandikwa vitambaa vyeupe, wakalishwa kabla ya saa sita mchana, kwani baada ya hapo hawali. Walipomaliza, jamaa wa marehemu walikusanyika sakafuni kuzunguka kikombe kilichowekwa juu ya sahani, wote wakigusa birika moja, wakamimina maji polepole hadi kikombe kikajaa, kikafurika, na maji yakatapakaa sahanini, huku watawa wakisoma kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, kwamba kama mito iliyojaa iijazavyo bahari, ndivyo kitolewacho hapa kinavyowafaa waliotangulia. Mimi niliyekulia katika hitima na arobaini sikuhitaji mkalimani. Ile ilikuwa sadaka, na thawabu yake ilikuwa inapelekwa kwa maiti.

Hata hivyo, hoja yako ina uzito. Kweli Nne za Buddha, yaani kwamba kuna mateso, kwamba mateso yana chanzo, kwamba yanakoma na kwamba iko njia ya kuyakomesha, zimepangwa kama maneno ya tabibu, wala hazimtaki mtu amkiri muumba yeyote. Lakini wanaousifu Ubuddha kuwa ni falsafa husahau kisa cha Malunkyaputta, mtawa aliyemtaka Buddha ambainishie iwapo ulimwengu ni wa milele, iwapo roho na mwili ni kitu kimoja, na iwapo aliyefikia ukombozi huwapo baada ya kufa. Buddha alimfananisha na mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, naye akakataa usichomolewe mpaka ajue aliyeupiga ni wa ukoo gani, ni mrefu au mfupi, na manyoya ya mshale ni ya ndege gani. Mtu huyo atakufa kabla hajajibiwa. Maswali aliyoyaacha bila jibu ndiyo hasa yanayowakesha wanafalsafa. Sasa iweje tumwite mwenzao?

Nimegundua pia kwamba hiyo kauli ya “si dini, ni falsafa” ina historia yake, na kwamba waliokuja kutoka nje walichangia sana kuieneza. Mwaka 1880 Kanali Henry Steel Olcott, Mmarekani, alifika kisiwani hapa akiwa na mwenzake Helena Blavatsky, ambaye pamoja naye alikuwa mwanzilishi wa Jumuiya ya Theosofia, wakaupokea Ubuddha hadharani mjini Galle, na mwaka uliofuata Olcott akatoa kitabu cha mafundisho kwa ajili ya shule za Kibuddha zilizokuwa zikishindana na zile za wamishenari. Humo baadaye aliandika kwamba neno dini haliufai Ubuddha, kwani huo ni falsafa ya maadili. Nacho kitabu chenyewe ni katekisimu, swali na jibu, kama ile wanayokaririshwa watoto kanisani!

Wenyeji hawaonekani kusumbuliwa na jambo hili. Katiba yao ya mwaka 1978, ibara ya 9, inaupa Ubuddha nafasi ya kwanza na kuitwika serikali wajibu wa kuulinda, na sijapata kusikia serikali ikiapa kulinda falsafa. Hapa Kandy, hatua chache kutoka Hekalu la Jino, linalotunza jino linaloaminiwa kuwa la Buddha, kuna mahali pa ibada pa mungu Vishnu na pa mungu wa kike Pattini, na mtu yule yule aliyemwekea Buddha maua huvuka kwenda huko kuomba mtoto apone au mtihani upite. Miungu ipo, tena ina kazi. Ila wao wenyewe ni viumbe wanaozaliwa na kufa, na wokovu hauko mikononi mwao.

Nadhani tatizo liko katika kipimo chetu. Tunapolitamka neno dini, tayari tumekwisha kuweka ndani yake Muumba, mtume na kitabu, kisha tunashangaa mgeni hatoshei. Lakini kumbuka kwamba kwetu asiye na imani ni pia yule asiye na huruma, na kwa imani ya namna hiyo hawa wametuzidi wengi. Basi mimi nasema ni dini, nawe ukatae ukitaka.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Wanafundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu ndani ya mtu. Kesho kutwa ni Poya, siku ya mwezi mpevu, ofisi zitafungwa, na mtawa mmoja mzee amekubali nimtembelee alasiri. Nitamwuliza maji yale yalimfikia nani.

Nisalimie mzee na wote nyumbani.

Ndimi sahibu yako.