Barua kwa mwanangu: faida ipo ila droo imekauka

Marahaba mwanangu,

Barua yako kaka yako kanifikishia, huku wote wazima, bibi anakusalimia sana. Nimeiona na ile karatasi ya maneno ya Elimu ya Biashara, imejaa mbele na nyuma, unasema mwalimu anataka mkariri kama yalivyo na wewe kichwa kinauma. Sawa, kariri, mtihani ndo unavyotaka, ila hayo maneno mengi umekua nayo hapo dukani kwetu, hujui tu kama yana majina. Ngoja nikueleze nikiwa hapa kaunta, mteja akija naacha nitarudi.

Tuanze na lile ulilozungushia wino mwekundu, ukaandika "mama hii sielewi kabisa". Matumizi binafsi ya mwenye biashara. Hili ndo unalijua kuliko yote! Zile biskuti ulikuwa unafungua ukiulizwa unasema "si duka letu?" Kwenye vitabu duka sio letu, duka ni mtu wa peke yake na mimi mtu wa peke yangu, nikichukua kilo ya unga kupika ugali wenu basi mwenye mali kapunguza mtaji wake na lazima iandikwe. Haiwekwi kwenye gharama za duka pamoja na umeme, usije ukaweka huko wakakukata maksi, inatoka kwenye mtaji.

Mtaji wenyewe ni kile mwenye duka alichoweka. Mali ni vyote duka linavyomiliki, bidhaa, friji, hela ya kwenye droo, pamoja na wanachodaiwa watu. Dhima ni madeni tunayodaiwa sisi. Chukua mali toa dhima, kinachobaki ni mtaji, kila siku lazima ilingane, isipolingana rudi ukatafute ulipokosea. Na wadaiwa na wadai usiwachanganye, jirani aliyebeba mchele akasema atalipa mwisho wa mwezi huyo ni mdaiwa wetu, yule wa duka la jumla aliyetushushia kreti za soda tukamwambia Ijumaa huyo ni mdai wetu, na kwenye daftari lake yeye sisi ndo wadaiwa.

Sasa faida, hapa nakaa kidogo maana ndo wengi wanapopotea hata watu wazima wenye maduka. Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50, tufanye umenunua 135,000 ukaupima kwa 3,000 kilo, umepata 150,000. Faida ni 15,000, hapo hakuna ubishi, lakini ni asilimia ngapi? Wakikuuliza faida juu ya bei ya kununulia ni 15,000 kwa 135,000, yaani moja ya tisa, kama asilimia 11. Wakiuliza juu ya mauzo ni 15,000 kwa 150,000, moja ya kumi, asilimia 10 kamili. Hela ile ile majibu mawili, kwahiyo soma swali mpaka mwisho kabla hujashika kalamu.

Haya chukua mwezi mzima, namba za mfano tu. Stoku ya mwanzo 1,200,000, umenunua mzigo wa 3,400,000, mwisho wa mwezi umehesabu rafu stoku iliyobaki ni 1,500,000. Jumlisha mbili za kwanza toa ya mwisho, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 3,100,000. Umeuza 3,600,000. Mauzo toa gharama hiyo, faida ghafi 500,000. Nauli ya bajaji iliyoleta mzigo dukani inaingia humo humo kwenye manunuzi, ila ya kumpelekea mteja kwake inasubiri chini kwenye matumizi, walimu wanapenda sana kuuliza hiyo.

Kisha toa kodi ya fremu 80,000, umeme 45,000, kijana wa dukani 120,000, na uchakavu wa friji 15,000. Friji tulinunua 900,000, tukisema litatumika miaka mitano ni 180,000 kwa mwaka, ndo hiyo 15,000 kwa mwezi, hakuna mtu unayempa mkononi, ni friji linavyozeeka. Imebaki 240,000, hiyo ndo faida halisi.

Safi. Sasa fungua droo uone.

Kati ya yale mauzo, 310,000 ni za daftari la madeni watu hawajalipa, kwahiyo kashi iliyoingia ni 3,290,000. Iliyotoka ni mzigo 3,400,000 na matumizi 245,000, friji halikudai kitu. Toa uone, droo imepungua kwa 355,000! Mwezi una faida na hela imepungua, na hakuna aliyeiba. 300,000 imekaa kwenye rafu kwasababu stoku imeongezeka, na 310,000 ziko kwa majirani. Ndo maana unaniona nakuwa mkali na daftari la madeni, watu wanadhani roho mbaya, wakati wa duka la jumla hataki kusikia habari za faida anataka chake Ijumaa.

Kodi ya serikali nitasema kidogo tu. Kwa wafanyabiashara wadogo hapa Tanzania, viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya milioni 7 mpaka 11 kwa mwaka kama hana kumbukumbu alilipa 250,000. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwahiyo mama ntilie wa milioni 9 mwenye daftari safi ni 150,000. Laki nzima imebaki kwa ajili ya kuandika tu, halafu watu wanaona uvivu kuandika.

Nakuachia swali. Stoku ya mwanzo 1,500,000, manunuzi 2,600,000, stoku ya mwisho 1,100,000, mauzo 3,450,000. Nitafutie faida ghafi na asilimia zote mbili, majibu mpe kaka yako akija, usinakili kwa rafiki nitajua.

Sabuni, dawa ya meno na pedi ziko kwenye kiroba pamoja na tambi za bibi, usigawe zote siku moja. Elfu kumi na tano iko kwa matroni. Kuna mteja anagonga kaunta hapa anataka vocha, naishia hapa.

Mama yako